Mimi Nilicheza Namba Ngapi?

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025 ilinikuta Salgaa. Nilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Eldoret, kwenye harusi ya mtoto wa ndugu yangu, nasi tulikuwa tumekubaliana na mwenye gari kwamba hatutapanda Sachangwan usiku. Wasomaji wengi wa jarida hili hawajafika Salgaa, lakini nyumba nyingi za Changamwe, Miritini na Mikindani zinalijua jina hilo, kwa kuwa ndipo waume na watoto wao wanapolala safarini. Ni mji mdogo wa kaunti ya Nakuru, kando ya barabara kuu itokayo bandarini kwetu kwenda Malaba na Uganda. Malori husimama hapo kwa safu ndefu. Madereva hula, huoga, huswali na kulala, na alfajiri huondoka. Baridi huingia mapema, na mtu wa pwani hujuta kwa nini hakuchukua koti.

Hoteli tuliyoingia ilikuwa na televisheni moja iliyotundikwa ukutani, na watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Kenya ilikuwa ikicheza na Madagascar, au Bukini kama walivyoiita wazee wetu, katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe. Uwanja ulikuwa Kasarani, Nairobi, nyumbani kwetu. Meza niliyopata nafasi ilikuwa na dereva wa lori, mtu wa Mombasa aliyekaribia miaka arobaini, pamoja na utingo wake. Aliinuka kunipisha, akanitolea salamu kwa adabu ya kwetu, kisha macho yake yakarudi kwenye mpira. Chini ya koti alikuwa amevaa jezi nyekundu ya Harambee Stars.

Ili msomaji asiyefuata mpira aelewe uchungu wa jioni ile, yafaa kwanza ajue matumaini yalivyojengwa. Kenya haikuwa imewahi kucheza CHAN hata mara moja. Mwaka 2018 ilikuwa iyaandae mashindano hayo, yakahamishiwa Moroko. Safari hii ilikuwa mwenyeji pamoja na Tanzania na Uganda, na ikapangwa katika kundi gumu. Wengi hawakuitarajia kuvuka. Ikaifunga Kongo 1–0, ikatoka sare ya 1–1 na Angola, kisha ikaishinda Moroko 1–0, hiyo Moroko iliyokwisha kutwaa kombe hilo mara mbili, na siku hiyo vijana wetu walicheza kipindi chote cha pili wakiwa 10 baada ya mmoja wao kupewa kadi nyekundu. Mwisho wakaifunga Zambia 1–0. Walimaliza kileleni mwa kundi kwa pointi 10. Ndani ya wiki mbili, watu waliokuwa wakisema "tujitahidi tusiaibike" walikuwa wakisema "fainali ni yetu."

Ni hapo ndipo dereva yule alipomwahidi mwanawe. Alinieleza mwenyewe kabla ya mapumziko, akitabasamu. Mtoto ana miaka kumi. Baba yake hukaa barabarani wiki tatu katika mwezi, na mazungumzo yao mengi ni ya simu. Katika mashindano haya walipata jambo la kuzungumza kila jioni. Akamwambia: Kenya ikifika fainali, nitakuchukua mpaka Kasarani.

Kenya ilipata bao mara tu baada ya mapumziko, na hoteli ikatikisika. Bukini wakasawazisha katika kipindi hicho hicho kwa mkwaju wa penalti. Niliporejea kutoka swala ya Magharibi nilikuta wameingia muda wa nyongeza, matokeo bado 1–1. Ikaja mikwaju ya penalti. Bukini walishinda 4–3.

Sijui niueleze vipi ukimya wa mahali penye watu wengi. Mwenye hoteli alipunguza sauti ya televisheni bila ya kuombwa. Mtu mmoja alicheka kicheko cha uchungu, wengine wakaanza kulipa na kutoka. Hapo simu ya dereva ikalia. Alikuwa ni mtoto. Meza ilikuwa ndogo, na sauti ya mtoto ilisikika hadi kwangu: "Baba, sasa hatwendi?"

"Nani kakwambia unipigie saa hizi?" akafoka. "Nenda kalale!" Akaikata. Simu ikalia tena, na kwenye kioo niliona imeandikwa Mama Watoto. Akaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Ikalia mara ya tatu, akaigeuza kifudifudi. Kisha akachukua funguo mezani, akamwambia utingo, "Twende."

Utingo akasema kwa sauti ya chini, "Bosi, ulisema leo twalala."

"Nimesema twende."

Utingo akanitazama. Kijana yule alijua, kama wanavyojua wote wapitao njia ile, mteremko wa Sachangwan na Migaa umekula watu wangapi. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka na kuua zaidi ya watu 100. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana pale Migaa, wakafa zaidi ya watu 30. Hiyo ndiyo barabara ambayo mtu mwenye ghadhabu, aliyeendesha tangu asubuhi, alitaka kuipanda gizani.

Nilimshika mkono nikamwomba anywe chai moja na mimi, kisha afanye alitakalo. Kwa heshima ya mvi alikaa.

Sahani ya mwaka 1987

Sikumwambia kwamba mpira ni mchezo tu. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi, na sijaona yakimponya mtu. Nilimuuliza iwapo alikuwa ameweka pesa za kamari, kwa kuwa siku hizi hasira nyingi za mpira ni hasira za mkeka uliochanika. Akaapa kwamba hakuweka hata shilingi. "Laiti ningeweka, sheikh, ningejua uchungu huu watoka wapi."

Basi nikamsimulia yaliyonipata mimi. Agosti 1987, Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na Kasarani ndio kwanza imejengwa. Mimi nilikuwa kijana wa chuoni, nimekwisha kuhitimu juzuu kadhaa na nikijiona mtu mzima. Harambee Stars walifika fainali dhidi ya Misri. Tulisikiliza kwa redio ya jirani, tumekaa barazani tumebanana. Misri wakashinda 1–0.

Nilirudi nyumbani siongei na mtu. Mama alikuwa ameniwekea wali na mchuzi wa samaki, ameufunika kwa kawa. Akaniambia nile. Niliisukuma ile sahani kwa nguvu, mchuzi ukamwagika juu ya leso yake. Hakunigombeza. Aliipangusa leso polepole, akaniangalia, akaniuliza: "Mwanangu, kwani mimi nilicheza namba ngapi?"

Miaka 38 imepita. Nimesoma vitabu na nimekaa mbele ya masheikh wakubwa, lakini katika mlango wa kuzuia ghadhabu sijapata somo lililoniingia kama swali lile. Mama hakusema nisihuzunike. Hakusema Misri walikuwa bora, wala hakuudharau mpira. Aliniuliza tu kwa nini yeye, ambaye hakukosa bao lolote, ndiye anayelipa.

Dereva alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Kisha akainamisha kichwa akaitazama simu yake.

Ngamia asiyepitwa

Nikamwongezea kisa kimoja, ambacho Imam Bukhari amekipokea kutoka kwa Anas bin Malik. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Al-Adhbaa. Ngamia huyo alikuwa hapitwi mbioni. Siku moja akaja bedui kwenye ngamia wake kijana, wakashindana, na yule kijana akampita Al-Adhbaa. Masahaba wakaumia, na uchungu ukaonekana nyusoni mwao. Mtume alipoliona hilo aliwaeleza kuwa hiyo ndiyo kanuni aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika dunia hii: kila kinachoinuka hapa, siku moja hushushwa.

Kisa hiki kina mambo mawili ambayo hupitwa haraka. La kwanza, Masahaba, watu wa daraja ile, waliumia kwa sababu ya mbio za ngamia. Tena Mtume hakuwakemea kwa kuumia kwao. La pili, kilichowaumiza si mbio moja kupotea. Ni kwamba walikuwa wamezoea kushinda. Al-Adhbaa alikuwa hajawahi kupitwa, na mazoea yale yaligeuka kuwa haki mioyoni mwao.

Sisi nasi tulifanya hivyo hivyo kwa wiki mbili tu. Ushindi juu ya Moroko tuliugeuza kuwa hati ya kumiliki kombe. Wachache wetu walikumbuka kwamba Bukini, katika mashindano yaliyotangulia ya Algeria mwaka 2023, walitoka na nafasi ya tatu Afrika nzima, ilhali sisi ndio kwanza tunaingia mlangoni. Mtu aliyeyapima hayo kabla ya mchezo angehuzunika kwa kushindwa, lakini asingehisi ameibiwa.

Dereva alimaliza chai yake. Akatoka nje, akasimama karibu na gurudumu la lori lake, akapiga simu. Sikukusudia kusikiliza, lakini nilikuwa naelekea garini nami nikapita karibu. Nilimsikia akisema, "Nisamehe, baba. Nilikasirika, lakini sikukukasirikia wewe." Kisha akanyamaza akisikiliza. Kisha akasema, "Kidogo." Nadhani mtoto alimuuliza kama amelia. Aliporudi alimkabidhi utingo funguo, akasema watalala. Alfajiri tuliswali pamoja juu ya mkeka mmoja kando ya magari, tukaagana.

Mwanya kati ya tarajio na tokeo

Nimeona niyaandike haya katika ukurasa wa aila, si wa michezo, kwa sababu mchezo unaoisha uwanjani mara nyingi huendelea nyumbani, na anayeumia huko hajawahi kuvaa jezi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2011 wataalamu wawili wa uchumi, David Card na Gordon Dahl, walichapisha utafiti kuhusu mpira wa Kimarekani na vurugu za majumbani. Walilinganisha matokeo ya michezo na taarifa za polisi. Waligundua kwamba siku timu ya mji ilipofungwa hali ilitarajiwa kushinda kwa wazi, wanaume kuwapiga wake na wapenzi wao majumbani kuliongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Lakini timu ilipofungwa katika mchezo uliotarajiwa kuwa mgumu, ongezeko kama hilo halikuonekana. Kufungwa ni kule kule. Kilichotofautiana ni lile tarajio.

Huko Uingereza nako, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walizitazama taarifa za polisi wa Lancashire wakati wa Kombe la Dunia la 2002, 2006 na 2010. Siku England iliposhindwa, visa vya ukatili wa nyumbani vilivyoripotiwa vilipanda kwa asilimia 38. Tena hata siku iliposhinda au kutoka sare vilipanda kwa asilimia 26. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba dawa ni timu ishinde. Msisimko usio na hatamu hudhuru ukija kwa furaha na ukija kwa huzuni.

Hizo ni nchi za mbali, lakini nafsi ya mwanadamu ni moja. Na jioni ile ile ya Salgaa, Tanzania ilifungwa 1–0 na Moroko jijini Dar es Salaam, na kesho yake Uganda ikafungwa 1–0 na Senegal jijini Kampala. Wenyeji wote watatu walitolewa nyumbani kwao ndani ya siku mbili. Ni milango mingapi ya Afrika Mashariki iliyofungwa kwa kishindo siku zile, Mola ndiye ajuaye.

Saa moja baada ya kipenga

Kwa waume na vijana wetu nasema hivi. Huzunika, hapana anayekukataza. Lakini ijue saa moja ya kwanza baada ya kipenga kuwa ni saa usiyoaminika. Usikate shauri ndani yake, usiendeshe gari, usijibu ujumbe wa mwenye kukudhihaki, wala usiingie nyumbani moja kwa moja ikiwa kifua bado kinafuka. Mtume alituelekeza mwenye hasira akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale. Tawadha. Tembea mpaka msikitini na kurudi. Ukifika mlangoni, jiulize lile swali la mama yangu kuhusu kila utakayemkuta ndani: huyu alicheza namba ngapi?

Kwa wake na mama zetu, mwenye huzuni ya kweli haponi kwa kuambiwa "wanaume ishirini na wawili wanafukuza ngozi nawe walia." Kumwachia nafasi na kumwekea chai kunatosha. Lakini sikilizeni vizuri, maana baadhi yetu masheikh hatulisemi jambo hili kwa uwazi wa kutosha. Si kazi ya mke kuizima hasira ya mumewe, wala subira si kuupokea mkono wake. Mwenye kupiga kwa sababu timu imefungwa hakupigishwa na mpira. Ukatili huo ni haramu katika dini yetu na ni kosa katika sheria ya nchi, na Kenya ina sheria mahususi ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani tangu mwaka 2015. Simu ya 1195 hupigwa bure kwa mwenye kuhitaji msaada. Kuipiga si kuivua nyumba nguo. Aliyeivua ni aliyeinua mkono.

Na kuhusu watoto, tusisahau kwamba wao hujifunza kushindwa kwa kututazama sisi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika nyumba ya Mtume mwenyewe palikuwa na mashindano. Bibi Aisha, radhi za Allah zimshukie, amesimulia kwamba walishindana mbio, yeye akamshinda Mtume. Baada ya muda wakashindana tena, safari hii Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kwamba hii ni kwa ile. Mume alishindwa na mkewe, na pale palipobaki si kinyongo bali kicheko kilichongoja miaka. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya namna hiyo hataogopa kumpigia simu baba yake baada ya kufungwa.

Fainali ilichezwa Kasarani tarehe 30 Agosti, bila ya Kenya. Moroko, wale wale tuliowafunga, waliwashinda Bukini 3–2 wakachukua kombe. Usiku huo simu yangu ikaingia ujumbe kutoka kwa dereva wa Salgaa. Alikuwa amefika nyumbani, na mpira ameutazama akiwa na mwanawe kando yake. Aliandika: "Sheikh, Bukini nao wamelala. Mtoto asema lau tungekuwa sisi, Moroko tungewafunga tena, na safari ijayo lazima twende."

Nikamjibu: mwambie inshallah, wala usimwahidi kombe. Mwahidi safari.